Kufufua Gari la Kale: Je, Ni Lile Lile?

Kila kizazi hukabidhiwa vitu ambavyo chenyewe hakikuvitengeneza: nyumba, shamba, kito, kitabu, chombo cha safari. Vitu hivyo huchakaa, kwa maana hakuna kitokanacho na mkono wa binadamu kisichochakaa. Basi mrithi hujikuta mbele ya njia tatu. Aweza kukitupa alichoachiwa na kutafuta kingine; aweza kukiacha kama kilivyo mpaka kimalizike chenyewe; au aweza kukishika, akaondoa kilichooza na kutia kizima mahali pake. Njia hii ya tatu husifiwa na wengi, nasi twaisifu. Lakini ndani yake limo swali ambalo wanafalsafa wamelijadili kwa karne nyingi. Ikiwa sehemu za kitu zimeondolewa moja baada ya moja, hata zile za awali zikabaki chache, je, mrithi amekihifadhi kile alichoachiwa, au ametengeneza kitu kingine na kukivika jina la marehemu?

Tumekusudia kulichunguza swali hili kwa kutumia mfano wa gari. Huenda msomaji akashangaa kuona gari katika insha ya utamaduni, ambamo amezoea kukuta ngoma, mashairi na miiko. Lakini gari lina faida moja kubwa kwa mwenye kutafakari: sehemu zake zinahesabika, zinaonekana na kuguswa. Mtu akituambia habari za "asili" ya gari, twaweza kumwomba atuonyeshe kwa kidole asili hiyo inakaa wapi: katika injini, katika bodi, katika namba iliyopigwa juu ya bati, au katika kumbukumbu za watu waliolipanda.

Gari lenyewe

Gari tulilolichagua ni Morris Minor la Uingereza, na hasa lile lenye paa la turubai, ambalo huweza kukunjwa nyuma ili abiria wapate hewa na jua. Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1948. Mbuni wake alikuwa Alec Issigonis, ambaye baadaye alibuni gari la Mini lililotolewa mwaka 1959. Morris Minor halikuwa gari la matajiri. Lilinunuliwa na walimu, na wauguzi waliozunguka vijijini, na familia zilizotaka kuwapeleka watoto pwani siku ya mapumziko. Hadi lilipoachwa kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, yalikuwa yametoka magari zaidi ya milioni moja na laki sita ya aina zake zote. Lile la turubai lilikoma mapema kidogo, mwaka 1969. Mengi yalipelekwa ng'ambo, na hapa Afrika Mashariki wapo wazee wanaolikumbuka vizuri.

Lipo jambo moja katika kuzaliwa kwa gari hili ambalo mwanafunzi wa falsafa hapaswi kulipita. Kazi ya kulibuni ilipokaribia kwisha, Issigonis alilitazama gari la majaribio akaliona ni jembamba mno. Akaamuru likatwe katikati kwa urefu wake, mbele hata nyuma, kisha vipande viwili vikasogezwa mbali kimoja na kingine mpaka jicho lake liliporidhika. Upana ulioongezeka ulikuwa kama sentimita 10. Ndiyo sababu boneti ya Morris Minor ina mkanda bapa ulioinuka katikati. Na kwa kuwa bampa zilikuwa zimekwisha kuandaliwa kwa kipimo cha zamani, zile za kwanza zilikatwa zikaungwa kwa kipande katikati. Maana yake ni kwamba gari hili lilitoka kiwandani likiwa na kiraka. Mtu atakayetamani kulirudisha kwenye asili safi isiyoguswa na mkono wa marekebisho atatafuta kitu ambacho hakikuwako hata siku ya kwanza.

Nguvu isiyoonekana

Morris Minor halina chasisi ya pekee iliyotengwa na bodi kama lilivyo lori. Bodi na sakafu vimeunganishwa vikawa kitu kimoja. Katika gari lenye paa la bati, paa husaidia kuushika mwili wote usipinde, kama kifuniko kilichopigiliwa kinavyolishika sanduku. Likiondolewa paa hilo na kuwekwa turubai, kazi yake haina budi kubebwa na sakafu pamoja na mihimili iliyofichwa chini ya milango. Kwa hiyo watengenezaji waliongeza vyuma vya kuimarisha mahali hapo katika gari la turubai. Gari lisilo na paa hubebwa na miguu ya abiria wake, kama mtu angependa kusema hivyo. Nguvu yake iko pale wanapokanyaga.

Hapo ndipo kutu nayo huingia. Maji hupenya penye turubai lililochanika, hutuama chini ya zulia, na mwaka baada ya mwaka hula bati pole pole bila kelele. Mwenye gari huona rangi iliyofifia na viti vilivyopasuka, akadhani hiyo ndiyo kazi iliyopo. Fundi mwenye ujuzi haanzi na rangi. Hufunua zulia, hupiga magoti, na kugonga sakafu kwa bisibisi akisikiliza mlio. Akikuta mhimili wa chini ya mlango umeliwa, haukati upesi. Kwanza huchomelea chuma cha muda kinachokingama katika nafasi ya mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, ili mwili wa gari usilegee wakati mhimili haupo. Asipofanya hivyo, gari hubonyea katikati, na baada ya jasho lote lile milango haifungiki sawasawa tena.

Wahenga walisema kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wapo watu wanaolipuliza gari rangi mpya inayong'aa juu ya mihimili iliyooza, wakaliita limefufuliwa. Gari la namna hiyo ni maiti aliyevishwa vizuri, tena ni hatari kwa watoto watakaopakiwa ndani yake. Na kinyume chake pia ni kweli: gari ambalo sakafu yake imeshonwa upya kwa uaminifu, lakini rangi yake bado ina mikwaruzo ya zamani, liko karibu zaidi na uzima. Hapa tunapata funzo la kwanza: anayetaka kuhifadhi kitu hana budi kwanza kujua ni sehemu gani inayokibeba kitu hicho, na aghalabu sehemu hiyo haionekani na wapita njia.

Merikebu na jahazi

Tuseme sasa kwamba familia moja imeachiwa gari kama hili na baba yao. Sakafu imebadilishwa, turubai ni jipya, injini imetolewa katika gari jingine la aina hiyo hiyo, viti vimeshonwa upya. Mmoja wa watoto anasema, "Hili ndilo gari la baba." Mwingine anasema, "Gari la baba limekwisha. Hili ni mfano wake." Nani amesema kweli?

Swali lao ni la kale kuliko magari. Mwandishi Plutarch aliandika kwamba watu wa Athens waliitunza merikebu ya shujaa wao Theseus, yenye makasia thelathini, wakiondoa mbao zilizooza na kutia nyingine, hata wanafalsafa wakaigawanyikia: wengine walisema imebaki ile ile, wengine walisema haikubaki. Katika karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes aliongeza ugumu. Je, kama mtu angaliziokota mbao zote za zamani, akaziunga tena kwa mpangilio wake wa kwanza, tungalikuwa na merikebu mbili, na ipi kati yake ingalikuwa ya Theseus?

Fundi wa majahazi katika pwani yetu amelijibu swali hili kwa mikono yake tangu zamani, hata kama hakuandika kitabu. Chombo hupandishwa ufuoni, ubao ulioliwa hung'olewa, mwingine hutiwa, kalafati hupigwa, na chombo hurudi majini kwa jina lile lile. Nahodha hasemi kwamba amenunua chombo kipya. Wala mbao zilizotupwa ufuoni, zikaokotwa kuwa kuni, haziitwi kwa jina la jahazi. Katika macho ya fundi, chombo kiko pale ambapo kazi ya chombo inaendelea: pale penye nahodha, safari na matunzo. Tunaona kwamba jibu hili lina uzito, lakini halijatosha; kwa maana lingemruhusu mtu yeyote mwenye hila kutengeneza kitu kipya kabisa na kudai kuwa kazi imeendelea.

Sheria nayo imesema nini?

Serikali hulazimika kuyajibu maswali ambayo wanafalsafa huyaacha wazi, kwa sababu kila gari lina namba na kila namba ina mwenyewe. Kwa miaka mingi mamlaka ya usajili wa magari ya Uingereza ilitumia hesabu ya pointi ili kuamua kama gari lililojengwa upya lina haki ya kubaki na namba yake ya zamani. Lilitakiwa kupata pointi 8 au zaidi. Chasisi au bodi, ikiwa ya awali au mpya ya vipimo vile vile kutoka kwa mtengenezaji, ilihesabiwa pointi 5. Springi na viungo vyake pointi 2. Ekseli pointi 2. Giaboksi pointi 2. Mfumo wa usukani pointi 2. Na injini pointi 1 tu. Msomaji atazame hesabu hiyo vizuri. Injini, ambayo wengi huiita moyo wa gari, iliwekwa mwisho kabisa. Mafundi walijua kwamba injini huingia na kutoka katika maisha ya gari, lakini mifupa yake ikiondoka, ni vigumu kusema kuna nini kilichobaki.

Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Uingereza ililetewa kesi juu ya gari la mashindano la Bentley, nalo pia la wazi, lijulikanalo kwa jina la Old Number One, ambalo lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans nchini Ufaransa mwaka 1929 na tena mwaka 1930. Mnunuzi aliyekuwa amekubali bei ya thamani ya pauni milioni 10 alikataa kulichukua, akidai kwamba si gari lenyewe, kwa kuwa sehemu zake nyingi zilikuwa zimebadilishwa. Ilidhihirika mahakamani kwamba sehemu zilizobaki za mwaka 1929 zilikuwa chache sana. Hata hivyo Jaji Otton aliamua kwa faida ya muuzaji. Gari lile lilikuwa limebadilika hatua kwa hatua, bila ya wakati wowote kutoweka na kuundwa jingine mahali pake. Historia yake haikukatika. Kwa hiyo lilistahili kuitwa kwa jina lake, ijapokuwa halikuwa na chuma kile kile cha siku ya kwanza.

Katika uamuzi huo twaona funzo la pili. Jina la kitu hufuata mwendo wake usiokatika, kuliko linavyofuata wingi wa vipande vya zamani. Ndivyo ilivyo hata kwa ukoo: waliouanzisha wamekwisha kufariki wote, lakini ukoo haukufa, kwa sababu haukupita mwaka ambao hapakuwa na mtu wa kuupokea na kuukabidhi.

Dhambi ya kudanganya

Mpaka hapa tumezungumza juu ya chuma na jina. Lakini swali letu lina upande wa maadili, na upande huo ndio mzito zaidi. Gari la Morris Minor la turubai huuzwa kwa bei kubwa kuliko lile la paa la bati. Kwa hiyo wapo watu waliochukua magari ya paa la bati, wakayakata vichwa na kuyatia turubai. Tendo hilo lenyewe si ovu, mradi fundi atie vyuma vya kuimarisha vinavyohitajika na mnunuzi aambiwe waziwazi. Huwa ovu pale gari hilo linapouzwa kwa madai kwamba lilitoka kiwandani likiwa vile. Mjuzi aweza kuugundua uongo kwa kuisoma namba ya gari, kwa maana herufi zake hutofautisha aina moja na nyingine. Lakini si kila mnunuzi ni mjuzi. Magari haya mawili, la haki na la hila, yaweza kufanana kwa kila msumari. Tofauti yao imo katika maneno yaliyosemwa juu yao.

Upo pia udanganyifu mwingine, ambao mtendaji wake huenda asijue kwamba anadanganya. Huyu hapendi kuona alama yoyote ya umri. Hubadilisha hata kile ambacho kingeweza kusafishwa tu. Hulipa gari rangi ambayo halikupata kuwa nayo. Hutupa usukani uliolainishwa na viganja vya mzazi wake kwa miaka thelathini na kununua mwingine unaong'aa. Mwisho wa kazi gari linakuwa zuri kuliko lilivyotoka kiwandani, na ndani yake hakuna tena mtu yeyote. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Hati ya Venice ya mwaka 1964, inayohusu majengo na mahali pa kihistoria, ilifundisha kwamba ukarabati hauna budi kusimama pale ambapo dhana inaanza. Na mwaka 2012 FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, lilipitisha Hati ya Turin, ambayo iliyaleta mawazo ya namna hiyo katika magari: kutunza kilichopo kutangulie kubadilisha, na kazi inayofanywa iandikwe.

Tunalitilia mkazo neno hilo la mwisho. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mrithi aliye mwaminifu huweka daftari la gari lake: mwaka huu sakafu ilitengenezwa upya; injini hii ilitoka katika gari jingine; turubai hili lilishonwa lini, na nani. Daftari hilo ndilo linalowapatanisha wale watoto wawili wanaobishana. Yule anayesema kwamba ni gari la baba ana haki, kwa kuwa mfululizo wake unaonekana, ukurasa kwa ukurasa. Naye anayesema kwamba vyuma si vile vile ana haki, kwa kuwa imeandikwa wazi ni vipi vilivyobadilika. Pasipo daftari, mmoja wao angalilazimika kuwa mwongo.

Je, si anasa tu?

Kuna atakayetupinga akisema: "Haya ni mambo ya watu wenye ziada. Mwenye dhiki hawezi kutumia fedha juu ya gari la kale kwa ajili ya kumbukumbu." Pingamizi hili lina haki yake. Twakubali kwamba mtu anayewanyima watoto wake ada ya shule ili apate bampa ya mwaka 1955 amepotoka. Kitu kilichorithiwa kwa ajili ya familia kisiwe sababu ya kuiumiza familia. Tena twakubali kwamba magari mengi ya kale hufungiwa katika mabanda na kufunuliwa siku za maonyesho tu, ili mwenyewe apate kusifiwa. Huo ni ubahili uliovaa nguo za utamaduni.

Lakini tusisahau kwamba wapo watu wengi duniani waliolifufua gari kwa sababu hawakuwa na ziada. Fundi wa Gerezani mjini Dar es Salaam na fundi wa jua kali mjini Nairobi hulirudisha barabarani gari ambalo mahali pengine lingetupwa. Hufua bati kwa nyundo, hutafuta spea iliyokwisha kutumika, na pengine huunda kifaa ambacho hakipatikani dukani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mafundi hawa hawaiti kazi yao uhifadhi, wala hawajui habari za Hati ya Turin. Lakini wanayo heshima ya kitu, nayo ndiyo mama wa uhifadhi. Wanachokosa mara nyingi ni daftari tu. Na yule mwenye ziada, ambaye daftari lake ni safi, mara nyingi anachokosa ni kulipanda gari lake.

Funzo kwa utamaduni wetu

Sasa twaweza kulijibu swali tulilolianza. Kitu kilichofufuliwa hubaki kile kile yakitimia mambo matatu. Kwanza, mfululizo wake usikatike: pawepo daima mkono wa kupokea na mkono wa kukabidhi. Pili, kiendelee na kazi kilichozaliwa nayo: gari la familia liipakie familia. Tatu, ukweli wake usemwe: kilichobadilishwa kijulikane kuwa kimebadilishwa. Likikosekana la kwanza, tuna kumbukumbu tu; likikosekana la pili, tuna pambo; likikosekana la tatu, tuna uongo.

Hukumu hii twaweza kuitumia juu ya urithi mpana zaidi. Utamaduni wa taifa nao hauna paa la bati la kuushikilia kutoka juu. Sheria na hotuba ni turubai: hufunika wakati wa mvua, lakini hazibebi. Kinachobeba kiko chini, pale tunapokanyaga kila siku bila kutazama: malezi ya watoto, heshima kwa wazee, uaminifu katika ahadi, lugha inayosemwa nyumbani. Mara nyingi tumeshughulika na rangi. Tumepamba ngoma kwa mavazi mapya ya jukwaani, na hatukugonga sakafu kusikiliza kama bado ni nzima. Wengine wamedai kwamba mila isiguswe hata kidogo, wakasahau kwamba mila nyingi zilizaliwa na kiraka chake, kama bampa zile za Morris Minor. Wahenga nao walikata, wakapanua, wakaunga. Wengine tena wamebuni mambo ya jana na kuyaita ya mababu, na huyo ni ndugu wa yule anayekata paa la gari na kuficha namba yake.

Kwa walimu tunatoa shauri moja. Wanafunzi waagizwe kila mmoja kutafuta nyumbani kwao kitu kimoja kilichorithiwa na ambacho bado kinatumika: baiskeli, cherehani, kinu, mlango, jembe. Waulize ni sehemu gani imebadilishwa, lini, na kwa sababu gani. Waandike majibu katika daftari, na daftari hilo walikabidhi kwa mwenye kitu. Kazi hiyo haihitaji fedha. Na mwanafunzi atakayeifanya vizuri atatambua kwamba yeye pia ameandikwa katika safu ya wapokeaji, na kwamba siku moja ataulizwa juu ya alichopokea, alichobadilisha, na kama alisema kweli.